Bana Voltage na Nabintu Wawili

Mlilala vipi wiki nzima, wasomaji? Tulimwacha Gaston amelikanyaga sanduku kwa mguu mmoja, panga limezama chini ya kifuniko, na ubao unalia. Haya, vuteni viti. Ubao umekwisha kulia.

Kifuniko kiliruka, kuku wa uani wakatawanyika, na wote watatu wakainama kuchungulia.

Hakuwa Bokilo.

"Iko nini hii?" Télesphore akauliza.

"Iko armonium," Gaston akasema. "Ya kanisa. Na Bikira Maria iko hapa juu."

Kweli kabisa. Ilikuwa armonium mpya, inanukia vanishi, ina pedali mbili za kukanyaga chini na picha ya Bikira Maria mbele. Ungetafuta waya kutwa nzima usiupate.

Colombe akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono kichwani.

Kwa wewe uliyeingia leo, nitasema haraka, wengine mnivumilie. Colombe ni binti wa Kadutu na mpiga mashine wa Bana Voltage, bendi ya watu watatu iliyowafanya wazee wa Bukavu wazibe masikio tangu mwaka jana. Rumba hawapigi. Gitaa la Télesphore linakwaruza, besi ya Gaston inatembea kama mlinzi asiye na haraka, maneno yanasemwa badala ya kuimbwa, na chini ya yote inagonga mashine ya umeme, kinanda na ngoma ndani ya kasha moja, iliyotumwa na kaka yake Télesphore kutoka Ulaya. Wameipa jina Bokilo, yaani mkwe, kwa sababu haiguswi bila heshima, na ikianza kusema hakuna wa kuinyamazisha. Mwezi uliopita Bokilo aliungua tumbo katikati ya arusi ya watu. Wakampeleka Goma kwa fundi Anaclet, naye akarudishwa kwa boti, achukuliwe bandarini Jumamosi hii asubuhi.

Kesho yake, Jumapili mchana, mtu wa redio kutoka Kinshasa angekaa na kinasa sauti chake katika sale ya paroisse, ukumbi wa parokia ya Kadutu, kusikiliza bendi zote za Kivu. Angechagua moja, ya kupelekwa Kinshasa.

Na Papa Léopold, baba yake Colombe, mwalimu wa shule na mtu asiyerudia neno, alikuwa amekwisha kuapa. Binti yake akichaguliwa, yeye hatasema kitu. Asipochaguliwa, Jumatatu anapanda lori la Shabunda kwenda kufundisha watoto wa mwaka wa kwanza. Nafasi imeshapatikana, na valizi ya nguo zake imefungwa, imesimama nyuma ya mlango.

"Gaston," Colombe akasema polepole. "Uliuliza namna gani kule bandarini?"

"Niliuliza muzuri. Nikasema, iko koli ya citoyenne Nabintu? Banasema iko. Nikabeba."

Télesphore akageuza kibandiko. CITOYENNE NABINTU, kimeandikwa hivyo, hakuna zaidi.

Mnajua wenyewe mambo ya siku zile. Majina ya ubatizo yalifutwa kwenye karatasi zote za nchi. Nyumbani mtu ni Colombe, sokoni ni Colombe, akigombana na jirani ni Colombe, lakini akitumiwa mzigo ni citoyenne, yaani mwananchi, Nabintu. Na nchi yetu ina akina Nabintu kama ilivyo na migomba.

Chini ya kifuniko, kwa mwandiko wa padri, kulikuwa na maneno mengine madogo: Kwaya, Idjwi.

"Basi Bokilo iko Idjwi," Colombe akasema.

"Iko naimba misa," Télesphore akasema.

Colombe alitaka kulia, na alikuwa na kila haki. Lakini alimfikiria Bokilo, yule mkwe mwenye kelele, ameketi altareni katikati ya mishumaa, na kicheko kikamponyoka. Télesphore akafuata. Gaston, ambaye kosa lilikuwa lake, alicheka mwisho na kwa sauti ndogo.

"Washa kamioneti ya shangazi yako," Colombe akamwambia. "Tunapeleka armonium, tunarudisha Bokilo. Kesho muchana tuko Kadutu."

Kamioneti ilikuwa bado na maganda ya mihogo kutoka Mudaka. Waliitupia armonium juu yake na kuteremka Bagira kwa kasi iliyomfanya Bikira Maria atikisike kichwa njia nzima.

Mnadhani walifika botini? Subirini kwanza.

Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ni salongo, kazi ya lazima ya usafi wa mji. Kila mwananchi na ufagio wake, kila mwananchi na jembe lake, na ole wake atakayeonekana anatembea na shughuli zake. Langoni pa bandari alisimama ajenti mwenye kitambaa mkononi na filimbi mdomoni. Akaipuliza.

"Mutoke mu gari. Mafagio yenu iko wapi?"

"Papa chef, tunaenda Idjwi," Colombe akasema. "Iko na haraka sana."

"Haraka iko ya serikali. Na weye, mwenye koti. Abacost yako iko wapi?"

Badala ya abacost, vazi la wanaume lililoamriwa na serikali, Télesphore alivaa koti jeusi refu hadi magotini, koti la mitumba, na hakulivua hata jua likiwa utosini. Aliona waimbaji wa Ulaya wamelivaa kwenye picha za kaseti, na tangu siku ile mama yake aliacha kusema naye habari za nguo.

"Papa chef, hii iko koti ya mvua."

"Mvua iko wapi?"

Wote wanne wakatazama juu. Mbingu ya Kivu ilikuwa safi mpaka aibu.

Basi walifagia. Gaston alipewa ufagio, Colombe akapewa reki, na Télesphore akapewa kupe, yaani fyekeo la kukatia majani, koti linamfuata nyuma kama kasisi aliyefukuzwa. Boti ya Idjwi ikapiga honi ya kwanza. Colombe akaona Kinshasa inamtoroka mbele ya macho yake, na mahali pake Shabunda inakuja, na ubao wa chaki, na watoto wanaimba a, e, i, o, u.

Ajenti akagonga sanduku kwa fimbo.

"Humu ndani iko nini?"

"Armonium ya kanisa ya Idjwi."

"Bongo, unadanganya. Piga nione."

Colombe akapanda juu ya kamioneti, akaifunua armonium, akakanyaga pedali. Alipiga nini? Nyimbo za kanisa zilikuwa zimemtoka kichwani zote kwa woga. Vidole vilijua kitu kimoja tu, wimbo mkubwa wa Bana Voltage, "Kivuli Hana Viatu", ule ambao vijana wa Kadutu huurukia mpaka vumbi linafika darini. Akaupiga huo huo, lakini polepole, kwa adabu, macho chini.

Ajenti akatoa filimbi mdomoni. Kisha akavua kofia.

"Hii mwimbo ya mazishi iko nzuri sana," akasema.

"Aksanti, papa chef."

"Mama yangu angelipenda hii." Akatazama kushoto na kulia, akashusha sauti. "Mie naitwaka Déogratias. Ile ya karatasi uache. Nilikuwaka mutumishi wa misa miaka mingi."

Boti ikapiga honi ya pili. Colombe alimtazama, na macho ya Colombe yalikuwa makubwa kuliko hotuba.

"Muende," Déogratias akasema. "Lakini armonium inabaki hapa na mie. Gage, rehani. Mukirudi, munamaliza ile kipande ya majani, njo nawapa."

Waliruka ndani ya boti kamba ikifunguliwa. Télesphore alikuwa bado ameshika kupe la watu.

Ziwa lilikuwa tulivu siku hiyo, na sitawachosha nalo. Jambo la kusema ni hili: boti haijagusa kisiwa, injini imezimwa, watu wanatafuta viatu vyao, na kutoka kileleni, juu ya mihogo na mananasi, sauti ikashuka.

Tu-ka. Tu-ka-tu. Tu-ka. Tu-ka-tu.

"Iko yeye," Gaston akanong'ona.

Walipanda mlima mbio. Nyuma ya kanisa groupe ya padiri, jenereta yake, ilikuwa ikikoroma na kutoa moshi, maana Idjwi haina umeme mwingine. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, wamama wa kwaya walisimama wamevaa pagne, vitenge vya buluu, na mbele yao, ameketi wima kama mke wa chifu, alikuwa mama mmoja mpana wa mabega, mikono yake juu ya Bokilo.

Walikuwa wamemfunika Bokilo kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni. Rozari ilining'inia kwenye kitufe cha sauti.

Na waliimba, wasomaji. Bokilo aligonga mbele, baridi na sawasawa, na wamama walijibu nyuma yake, pembeni yake, mahali ambapo Colombe kwa mwaka mzima hakuwahi kujua kuwa kuna nafasi. Utukufu kwa Mungu juu mbinguni, tu-ka-tu, na amani duniani, tu-ka. Colombe aliona wivu, wivu mtupu wa mtu aliyekuta mpenzi wake anacheza vizuri zaidi na mwingine. Halafu nywele za mikono yake zikasimama, na wivu ukakosa pa kukaa.

Wimbo ukaisha. Bokilo hakuisha.

"Muingie, batoto, hapana funga mulango," mama wa mabega akasema, akipaza sauti juu ya ngoma. "Mie ni Maman Emérence. Muvumilie, hii kintu haizimikaka. Ikionja courant tu, inaanza yenyewe. Inanyamazaka wakati groupe inakosa mafuta. Tangu Alhamisi tunakula nayo, tunalala nayo."

Huo ulikuwa ufundi wa Anaclet. Colombe akasogea, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na kimya kikaingia kanisani.

"Eee," wamama wote wakasema.

"Maman," Colombe akasema, "hii masini iko yetu. Armonium yenu iko Bukavu."

"Armonium yetu njo hii. Angalia jina. Citoyenne Nabintu. Njo mie."

"Na mie pia, maman."

"Hapana ile ya padiri. Ile ya karatasi."

"Njo ile. Mie ni Nabintu."

Maman Emérence akainuka. Gaston akarudi nyuma hatua moja, maana mama yule alikuwa na mikono ya kulima. Lakini mikono ile ilimkamata Colombe, ikamkumbatia mpaka miguu yake ikaacha sakafu.

"Ndoyi," Maman Emérence akasema, na machozi yalikuwa karibu. "Ndoyi wangu."

Wamama wakapiga vigelegele. Télesphore akatikisa kichwa, kwa sababu alijua maana yake, na nyinyi mnajua pia. Ndoyi ni mtu mwenye jina lako, na kwetu hilo si mchezo. Ndoyi ni wewe mwenyewe ndani ya pagne nyingine. Humwambii tafadhali, naye hakuambii. Kilicho mkononi mwake, ukikihitaji, unachukua, na hatakunja uso. Lakini siku atakayotaka kilicho mkononi mwako, na wewe utanyamaza.

"Ndoyi haombaka, anachukua," Maman Emérence akasema. "Chukua masini yako, mwanangu. Hata kitambaa uchukue."

Colombe akapumua hadi kisogoni. Alikuwa na hamu ya kumbusu Bokilo, mbele ya msalaba na kila mtu.

"Na mie," Maman Emérence akaendelea, akikunja rozari yake, "nachukua ile fete yenu ya kesho."

"Unachukua nini, ndoyi?"

"Fete, ile karamu ya muziki. Na Kadutu, na mutu wa redio. Padiri alitutangazia. Mwenyewe umesikia tunaimba. Tuko tayari."

"Maman, Bana Voltage tuko batatu tu," Télesphore akasema.

Maman Emérence akalitazama lile koti, kutoka kola hadi upindo.

"Sasa muko kwaya," akasema.

Akaongeza sharti moja: Bokilo atapiga misa ya kwanza ya Jumapili kabla ya kuondoka, watu wa kisiwa wasije wakasema wamedanganywa. Alipiga. Padri alihubiri kwa kifupi kuliko siku zote, kwa kuwa waamini walikuwa wakitazama mashine. Wakati wa sadaka mzee mmoja alicheza kutoka kiti cha nyuma hadi altareni na kurudi, na hakuna aliyemzuia.

Halafu mbio. Botini, wamama wa buluu wamebana kila ubao, Bokilo amepakatwa kama mtoto wa kubatizwa, na Gaston anawafundisha "Kivuli Hana Viatu". Kufika Rambo, kituo cha njiani, wamama walikuwa wameshajua maneno yote na kubadilisha mawili ambayo hawakuyapenda.

Bandarini Colombe alitazama ile sehemu ya majani na moyo ukamwanguka. Lakini majani hayakuwepo. Yalikuwa yamekatwa, yamefagiwa, na katikati ya usafi ule Déogratias alikuwa ameketi juu ya sanduku la armonium.

"Nimekata mie mwenyewe," akasema kwa aibu. "Tangu jana sina kupe, nilikata na panga. Munaenda wapi mbio hivi?"

"Kadutu. Kupigia mutu wa Kinshasa."

"Mutapiga ile ya mazishi?"

Colombe akasita kidogo sana. "Tutapiga ile."

Déogratias akaita mtu ashike upande wa pili wa sanduku. "Basi na mie nakuya. Gage inatembea na mwenye gage."

Sale ya Kadutu ilikuwa imejaa mpaka madirishani. Mbele kabisa, ndani ya abacost ya kijivu, aliketi citoyen Théodore wa redio, kinasa sauti chake cha betri mezani, shavu lake kiganjani. Tangu adhuhuri alikuwa amesikiliza orkestra tano, na zote tano zilikuwa zimempigia rumba aliyoiacha nyumbani kwake. Alipiga miayo bila kuficha meno.

Na kule nyuma, kando ya mlango, Papa Léopold alisimama ameshika valizi. Aliileta kabisa. Lori la Shabunda lilikuwa linalala jirani na soko, na hakutaka mtu apate kisingizio cha kesho asubuhi.

Colombe aliiona valizi kabla ya kumwona baba yake.

"Hapana angalia kule," Télesphore akamwambia, akivuta waya wa gitaa. "Angalia Bokilo."

Aliunganisha umeme. Bokilo akaonja courant na, kama tulivyokwisha kuambiwa, akaanza mwenyewe.

Tu-ka. Tu-ka-tu.

Vijana wakapiga kelele moja. Besi ikaingia kutembea, gitaa likakwaruza, Télesphore akafungua mdomo na kusema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba wa jirani, kwamba kivuli hana viatu na njia ina mawe. Wamama wakajibu nyuma yake, pagne za buluu zikayumba, na sale ikainuka. Citoyen Théodore aliondoa shavu kiganjani. Akasogeza mikrofoni. Akabonyeza kitufe chekundu.

Colombe aliona kidole kile kikibonyeza, na furaha ikampanda kutoka nyayoni hata akataka kucheka. Anatunasa, akajisemea, anatunasa kweli. Akainua mikono kwa ajili ya ubeti wa pili.

Umeme ukakatika.

Bokilo alikufa katikati ya neno. Gitaa likawa waya na ubao. Besi ikawa ubao na waya. Sauti ya Télesphore, bila mikrofoni, ilibaki ndogo na ya kibinadamu, ikasema "mawe" peke yake, ikanyamaza.

Colombe aliogopa. Alibonyeza, akabonyeza tena, meno ya kinanda yakagonga kama meno ya mtu mwenye homa, na hakuna sauti iliyotoka. Kwa pembe ya jicho alimwona baba yake anabadilisha mkono wa valizi.

Ndipo akasikia nyuma yake, karibu na sikio:

"Tu-ka. Tu-ka-tu."

Ilikuwa kwa mdomo. Ilikuwa Maman Emérence.

"Tu-ka. Tu-ka-tu," wamama wote wakasema, na miguu yao ikagonga ubao wa jukwaa.

Kumbukeni, wasomaji. Tangu Alhamisi walikuwa wamekula na kulala na mashine isiyozimika. Mpaka Jumapili Bokilo alikuwa ameshahamia ndani yao, na huko ndani hakuna wa kukata umeme. Hawakupotea hata nusu ya pigo. Gaston akaanza kugonga tumbo la besi kwa kiganja. Télesphore akavua koti, ndiyo, akavua koti mbele ya Kadutu nzima, akalitupa, na akapiga mayowe yale maneno badala ya kuyasema.

Alibaki Colombe peke yake, mikono juu ya mashine iliyokufa.

"Citoyenne," sauti ikaita kutoka safu ya mbele. Déogratias alikuwa ameitoa armonium sandukuni na kuipangusa vumbi kwa kofia. "Na hii? Hii inakulaka courant?"

Colombe aliruka kutoka jukwaani, akaketi juu ya sanduku, akakanyaga pedali.

"Inakulaka miguu," akasema.

Na armonium ikaunguruma. Ile sauti ya kanisa, nene, ya kupumua, ikaingia chini ya tu-ka-tu ya wamama na kubeba wimbo mzima mgongoni. Colombe alikanyaga mpaka viatu vikamtoka. Aliupiga "Kivuli Hana Viatu" kwa kasi yake ya kweli, kama alivyoutunga, na Déogratias, ambaye alikuja kusikiliza mazishi, alishangaa kwa muda mfupi sana kisha akaweka filimbi mdomoni na kuanza kuipuliza kwa pigo. Watawa wawili dirishani walikuwa wakipiga makofi. Watu walicheza juu ya viti, na viti havikuwa vya kuchezewa.

Kinasa sauti cha betri kilikuwa kinazunguka. Citoyen Théodore alikuwa amesimama.

Karibu na mwisho umeme ukarudi. Bokilo akaamka, akaonja courant, akaanza upya, na alikuwa amechelewa. Safari hii kila mtu alisikia kwamba aliyekosea ni mashine. Colombe akanyoosha mkono juu ya jukwaa, akabonyeza vile vitufe viwili, akamzima, na wakamaliza wenyewe.

Kelele iliyofuata siwezi kuiandika. Wanaokaa Kadutu wanaikumbuka.

Gaston na Télesphore walikumbatiana, wakamkumbatia Déogratias, wakamkumbatia mtu wasiyemjua. Colombe aliketi juu ya sanduku, jasho linamtiririka, anacheka peke yake kama mwehu. Alimtafuta baba yake. Papa Léopold alikuwa ameiweka valizi chini, na, kama macho ya Colombe hayakumdanganya, mguu wake mmoja ulikuwa bado unagonga sakafu.

Citoyen Théodore akapanda jukwaani. Akainua mkono mpaka sale ikatulia.

"Nimepata," akasema kwa Kiswahili chake cha Kisangani. "Iko hii. Zingine muende nyumbani."

Sale ikalipuka tena. Akainua mkono tena.

"Musikie muzuri. Mu ndege ya kesho niko na nafasi moja tu. Mutu moja anakwenda na hii bande ya kinasa sauti, anasimama mbele ya bakubwa, anapiga, anasema. Bakubwa bakipenda, tunaita bengine. Mie nataka ule mwanamuke aliyeshika muziki wakati courant ilikufa." Akatoa kalamu mfukoni. "Jina yake nani? Ile ya karatasi."

Gaston alikuwa na furaha nyingi, na Gaston mwenye furaha ni Gaston mwenye haraka. Ni yeye huyu aliyekwenda bandarini.

"Nabintu," akasema. "Citoyenne Nabintu."

Citoyen Théodore akaandika, akapuliza wino.

"Muzuri. Kwa redio, Nabintu akisafiri kesho, orkestra yake imechaguliwa. Asiposafiri, hakuna kitu. Nabintu iko wapi?"

Colombe alivaa kiatu kimoja, akatafuta kingine, akafungua mdomo ili aseme niko hapa.

Juu ya jukwaa, Maman Emérence alikuwa ameshatangulia. Alijifuta uso kwa ncha ya pagne, akaipita kwaya yake, akaja mpaka mbele ya meza, mabega wima.

"Njo mie," akasema.

Kisha akageuka na kumtazama Colombe, wala hakuomba kitu, kwa kuwa ndoyi haombaka. Colombe alibaki mdomo wazi, kiatu mkononi. Bokilo alikuwa amerudi kwake, na fete ilikuwa imechukuliwa na ndoyi wake, na kanisani Idjwi alikuwa amekubali kila neno.

Kule mlangoni, Papa Léopold hakuelewa jambo lolote isipokuwa moja: aliyeitwa Nabintu hakuwa binti yake. Aliacha kugonga mguu, akainama, akaishika valizi.